Aliyeshika Mabawa

Jumatatu, 18 Juni 1962

Makaa mabichi tena. Moshi tangu alfajiri, macho yamevimba. Maharage yamechelewa kuiva. Wavuvi wametoka ziwani na njaa yao, wamekula ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, na hawakulalamika. Mbalamwezi imeanza kupungua, ndagala wataongezeka, kila mtu ana uso mzuri.

Mzee Sefu alikuja kuchinja kama kawaida. Shemeji yake, Mama Zuhura, akashika mabawa. Ndivyo tunavyofanya tangu nifungue hoteli hii. Mimi Mkristo wa kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, sichinji. Kuku anaelekezwa kibla, Mama Zuhura anashika mabawa na miguu, Mzee anataja jina la Mungu, kisu kinapita. Mimi nasimama kando na maji ya moto. Kwa sababu ya mikono yao, Waislamu wa mtaani wanakula kwangu pamoja na watu wa misheni, meza moja.

Sioni pengine pa namna hiyo pwani yote hii. Kwa Mgiriki wanakula Wazungu na makarani, viazi vya kukaanga na uma. Kabezi, pale malori yanaposimama, chai ina ladha ya masizi. Gatete wana samaki mzuri lakini mpishi anapiga chafya juu ya sufuria. Nimekula kote, najua ninachosema.

Alhamisi, 21 Juni

Mama Zuhura kaniambia leo, huku anachambua mchele. Anafungua hoteli yake. Upande wa pili wa barabara, nyumba iliyokuwa ya fundi cherehani. Nilicheka nikidhani utani. Si utani. Chokaa imeshapakwa. Nimekuwa nikiiona ile chokaa kila siku, nikidhani kuna mpangaji mpya.

Nilimpa hongera. Nimekasirika. Si kwa ajili ya hoteli. Barabara ni ya wote na njaa haiishi. Nimekasirika kwa kuwa amepaka ukuta mzima bila kuniambia neno.

Halafu nikakumbuka ile wiki yangu ya kwanza hapa. Nilipika kuku, na hakuna Mwislamu aliyeingia. Walisimama barabarani wakinusa tu. Na Mama Zuhura wakati ule tulikuwa tukisalimiana kwa mbali tu. Aliingia, akakaa meza ya karibu na mlango, mbele ya macho ya watu, akala paja zima, akanawa, akasema Alhamdulillahi kwa sauti. Kesho yake meza zilijaa. Tangu siku ile namwita dada. Mwanangu Eliza alipougua surua, ni yeye aliyekesha naye.

Sawa. Afungue.

Jumapili, 24 Juni

Misa ndefu. Padre kasema sana juu ya Uhuru na kupendana. Jumapili ijayo ndiyo siku yenyewe. Watu watashuka kutoka Bugarama, watakuja wa Gatete, wa milimani, wote na nguo mpya. Siku hiyo hakuna atakayepika nyumbani kwake.

Nimeamua kuku. Kuku wengi, mawese, vitunguu, pilipili kidogo. Lazima nifanye vizuri. Mwenye nyumba anamtaka binamu yake aingie humu, hafichi. Anapita kila siku kuchungulia kama jiko limepoa. Akiona hoteli imejaa siku ya Uhuru, atafunga mdomo. Akiona tupu, nitarudi Uvira na masufuria yangu kichwani.

Jumanne, 26 Juni

Mama Zuhura kafungua. Nilikwenda, nikakaa karibu na mlango, nikala, watu wakaniona. Ilikuwa zamu yangu. Pilau nzuri. Mchuzi wake ni mchuzi wangu, hadi ndimu ya mwisho inayokamuliwa sufuria ikishaepuliwa. Hiyo ndimu ni ya mama yangu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kaniambia Mzee Sefu atachinja kwetu sote wawili, na yeye atakuja kushika mabawa kama zamani. Nikapumua.

Jumamosi, 30 Juni

Mzee Sefu amechinja kuku wote leo jioni, maana alfajiri anakwenda Kabezi kusherehekea kwa mwanawe. Mama Zuhura alikuja, akashika kila mmoja. Damu ikamrukia kwenye kitenge, tukacheka kama wasichana. Akaaga, "Tuonane kesho, dada."

Nimewatia chumvi, nimewakaanga kidogo wasiharibike. Mikono inanuka vitunguu. Nimechoka. Nina furaha, niandike hilo pia.

Jumapili, 1 Julai

Mambo ya bendera wataandika wengine.

Hoteli ilijaa kabla ngoma hazijanyamaza. Nilianza kupakua. Karibu na mlango walikaa wageni, wafanyabiashara wa mawese kutoka Nyanza-Lac, kanzu safi. Mkubwa wao akaniuliza nani kachinja. Nikasema Mzee Sefu. Yuko wapi? Kabezi. Akautazama msalaba wangu shingoni. Hakusema vibaya, ni mtu wa adabu. Nikamwambia amuulize yule mama wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyeshika mabawa.

Akatoka mlangoni, akaita: "Mama, amahoro! Kuku ya huyu mama, ni nani alichinja?"

Mama Zuhura alikuwa amesimama kwenye mlango wake na mwiko mkononi. Alinitazama. Hawezi kusema hakusikia.

"Mimi sijue, baba. Mimi niko na kazi yangu hapa."

Basi, hivyo tu.

Wageni wakainuka taratibu, wakaniomba radhi, wakavuka. Wavuvi wangu wa kila siku walisikia pia. Kama Mama Zuhura hajui, nani ajue? Wakavuka. Hata Wakristo wakawafuata, maana mtu akiona meza zinahamwa hakai kuuliza sababu. Nilibaki na mwiko wangu na masufuria yamejaa, mwenye nyumba amesimama kwenye kona akiangalia.

Angenitukana ningejua la kufanya. Angesema mchuzi wangu mbaya ningecheka. Kasema hajui.

Jumatatu, 2 Julai

Nimegawa kuku kwa majirani wa misheni. Wamefurahi, wamesema Uhuru ni mtamu.

Mzee Sefu karudi. Nimemweleza. Kashika kichwa, kaapa atasimama barabarani aseme yeye ndiye aliyechinja. Nikamwambia aache. Wageni wameshaondoka, na yeye anaishi nyumba moja na shemeji yake, anakula chungu kimoja naye. Akisema, anamwita mwongo mbele ya mtaa. Sikutaka hilo juu yake.

Nimelia jikoni. Moshi ulikuwapo, hakuna aliyejua.

Jumatano, 4 Julai

Watu wachache sana. Mama Zuhura kanisalimu kutoka ng'ambo. Sikuitika. Kasalimu tena. Nikaingia ndani.

Ninamchukia. Halafu mchana nikageuka kumuuliza kama ugali umekaza, nikakuta hayupo.

Ijumaa, 6 Julai

Samaki hachinjwi.

Jambo lenyewe ni hilo, na nimechelewa kulifikiria. Atoke mkononi mwa Mkristo, atoke mkononi mwa Mwislamu, hakuna anayeuliza. Nimevunja banda la kuku, mbao zake nimezitia jikoni. Samaki wa ziwa tu: mukeke wa kuchoma, kuhe wa mawese, ndagala; na sombe ya majani ya muhogo, na ugali. Atakayetaka kuku atafute kwingine.

Jumatano, 11 Julai

Wavuvi wamerudi, kwanza wawili wawili, sasa wote. Wanakula macho chini, wanaongea nyavu na taa. Siwaulizi kitu. Mwenye nyumba kala mukeke, kalamba vidole, hakumtaja binamu. Nimebaki, basi. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Ijumaa, 13 Julai

Mbalamwezi, samaki wachache. Nilipata kidogo tu kutoka mtumbwi wa mwisho.

Wanaume walitoka swala wakaingia kula. Mama Zuhura akavuka barabara. Akakaa meza ya karibu na mlango, akajitanda vizuri. Watu wakaacha kula. Akasema, wote wasikie: "Mama Eliza, mimi nataka kuku."

Nilimwelewa papo hapo. Alikuja kula mbele ya watu kama ile wiki ya kwanza, anirudishie alichoninyang'anya. Uso wake ulikuwa umekonda. Nadhani alikuwa ameiwaza safari ile ya kuvuka barabara siku nyingi.

"Kuku haiko tena hapa, mama. Iko samaki."

Nilimwita mama. Dada halikutoka.

Akasema basi, nimletee huyo samaki. Nikampa mukeke mkubwa, mwenye mayai, maana kwangu mtu hali kibaya. Akammaliza, akanyonya kichwa, akanawa, akasema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Watu wakaendelea kula. Samaki kila mtu anakula kwa kila mtu, haonyeshi nani anamwamini nani.

Akaondoka. Nikafuta meza.

Ndimu ya mama yangu sikumwekea. Najua aligundua. Hakuomba.