Keki ya Namba Tisa

Kwako mdogo wangu, Kiguu na Njia,

Hujambo wewe, na wifi hajambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio haupo mahali pake. Barua yako niliisoma nikicheka peke yangu: eti umepanda ngazi hadi juu bila kushikwa, wifi yuko nyuma amefungua mikono kama anayefukuza kuku! Na Jumamosi fundi anakuja kukirudisha kitanda chumba cha juu. Jina tulikupa kwa kutopenda kwako kukaa, misuli ikakusaliti, na sasa sindano za yule daktari wa majaribio ya dawa zinakurudishia miguu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa kaa kitako, ndugu yangu.

Kazi yangu unaijua nusunusu. Huwa nakuambia napikia matajiri chai. Matajiri hawa huzaa kampuni za dawa. Mtaalamu akija na wazo, wanalijengea kampuni: maabara, mkurugenzi, fedha. Kampuni changa haipewi jina, inapewa namba, ili watu wasiipende kabla haijasimama. Isipowaridhisha wanaifunga mapema, tena kwa keki na makofi, maana kwao kufunga haraka ni ushujaa. Mwagizaji wa keki ni mimi.

Juzi ilikuwa zamu ya Namba Tisa. Bosi alisema machache, makofi yakapigwa, keki ikakatwa. Mtaalamu wake, mama mmoja mpole tunayemwita Miwani, hakugusa kipande chake. Nikamtania kwamba keki haina kosa. Akaniambia dawa yake haijashindwa hata kidogo. Wagonjwa wanainuka, ila ni wachache mno, na fedha zinahamia Namba Kumi na Mbili, ya kupunguza unene. Kisha akatoa mkobani boksi moja alilojiwekea kama ukumbusho.

Mungu wangu! Boksi la kijani, sindano yenye kofia ya njano. Ile ile uliyonitumia picha yake, umeiinua juu kama mtu aliyeshinda kombe.

Niliketi juu ya meza, penye makombo. Nilimuuliza, na wagonjwa je? Akasema kila mmoja atamaliza sindano alizo nazo, basi. Nyingine hazitatengenezwa, na muuguzi atawapigia simu. Nikamfuata bosi hadi kwenye gari lake. Sikumbembeleza, nilimfokea, mimi wa keki! Alinisikiliza hadi mwisho, akasema anasikitika kwa dhati, na kwamba ningemwambia mapema kama nina ndugu humo. Ningemwambia nini? Kwenu hospitalini dawa ina jina, huku kwetu ni namba tupu.

Sikutaka uyasikie haya kwa muuguzi, ndiyo maana naandika. Lakini kuna jingine, na hili usimwambie wifi. Yale makofi, mdogo wangu, nilianzisha mimi. Bosi alipomaliza kusema, nikaona watu wana njaa, nikapiga kwa nguvu ili wengine wafuate. Tangu juzi naitazama mikono hii na siipendi.

Miwani anahangaika kutafuta matajiri wengine wa kuichukua dawa. Hajapata, na sitakudanganya.

Nisalimie wifi sana, na mfariji kabla hujamsomea. Yule fundi wa Jumamosi mwambie asije. Kitanda kiache chini.

Dada yako akupendaye,
Mama Kelele