Sweta la Eliza Limeoshwa kwenye Karai

Kharumwa,
Jumatano, baada ya chai ya saa nne

Mama yangu mzazi,

Kamwene, mama. Shikamoo. Magoti yanasemaje? Nauliza hayo kwanza kwa sababu najua miezi hii huko Njombe majani yanaamka na barafu, na wewe baridi ikiingia magoti ndiyo ya kwanza kulalamika. Mwanangu Eliza hajambo? Kile kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Mimi mwili ni mzima. Moyo nitakueleza humu ndani polepole. Kaa karibu na jiko, na kama anayekusomea ni mdogo wangu Festo, mwambie asiruke mistari kama alivyozoea.

Usishangae kupata barua kama enzi za baba. Simu zetu zinafungiwa kwenye droo ya ofisi, tunapewa Jumapili, na tunaongea Shija akiwa amekaa pale pale anasikiliza. Shija ndiye msimamizi wetu. Mambo ninayokuandikia hayasemeki mbele yake.

Halafu wewe huwa unawaambia watu niko Geita mjini. Siko mjini, mama. Niko nje ya Kharumwa, ndani ya planti ya dhahabu iliyozungushiwa mabati marefu na geti moja tu. Mawe yanaletwa na malori, yanasagwa kwa mashine ya karasha kuwa unga, kisha ule unga unaoshwa kwa maji kwenye ubao ulioinamishwa, wanauita mwalo. Juu ya mwalo wanatandika magunia. Mchanga unapita na maji, dhahabu kwa kuwa ni nzito inabaki imeng'ang'ania kwenye gunia. Mimi sihusiki na hayo. Nilikuja kupika ugali na maharage ya wanaume ishirini. Lakini sheria ya planti haimjui mpishi: kazi ya mzigo mmoja ikianza, geti linafungwa, hatoki mtu mpaka dhahabu ya mzigo huo itoke na kupimwa. Ukitoka bila ruhusa ya Shija unatangazwa mwizi wa dhahabu, na huku mwizi wa dhahabu haulizwi mara mbili.

Unakumbuka nilimwahidi Eliza kwamba nikirudi likizo nitamletea sweta nililolifuma kwa mkono wangu kabla baridi haijashika. Ahadi ile ndiyo imenifikisha hapa nilipo.

Nyuzi nilinunua Kahama, sokoni Nyasubi, siku ile ninakuja. Kulikuwa na masweta ya mtumba mawili, moja la bluu na moja jeupe, yananing'inia pale kwa muda mrefu hata mabega yamefubaa. Muuzaji aliponiona nayapima akaniuliza kama nina malaria. Nikayanunua yote mawili. Nilipofika hapa nikayafumua, nikaosha nyuzi na kuzianika kwenye kamba, wale vijana wa karasha wakadhani nimeanika tambi, wakauliza zinaliwa na nini.

Sindano zangu, zile ulizonipa, ziliishia getini. Anayetupekua sisi wanawake ni dada mmoja Msukuma anaitwa Kabula, mtu mpole ambaye kazi yake haifanani naye. Akasema vyuma virefu haviingii. Nikaomba spoku mbili za baiskeli mbovu ya mleta maji, nikazinoa kwenye jiwe la jikoni. Spoku ni nyembamba, mama, na joto la huku linatoa jasho mpaka kwenye kucha. Uzi ulikuwa unanata vidoleni, ikabidi kila baada ya mistari miwili nikanawe kwa majivu. Kipande cha mbele kilinichukua miezi miwili. Mkono wa kulia ukatoka mrefu kuliko wa kushoto kwa sababu nilikuwa nabishana na vijana kuhusu chumvi. Nikaufumua, nikaurudia. Siku nimemaliza na nimefurahi mpaka nikaimba, ndipo ulipofika ule uzi wako wa kipimo cha Eliza ndani ya bahasha, wenye mafundo matatu, la kifua, la mkono na la urefu. Nikaupima kwenye sweta. Kifua cha mtoto kilikuwa kimeliacha sweta kwa vidole viwili.

Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Nikafumua lote.

La pili lilitoka zuri. Nakuambia ukweli, hata wewe usingepata pa kukosoa, labda shingo. La bluu, mstari mweupe kifuani, vifungo vitatu vya shati la marehemu baba. Na likizo Shija akanipa. Nilikuwa nimefunga begi asubuhi na mapema.

Sasa kumbuka ulivyonifundisha kuanza bonge la uzi, kwa kijiwe katikati, ili bonge litulie miguuni lisikimbie kama kuku. Kule nyumbani tuliokota vijiwe vya mtoni. Hapa niliokota kimoja nje ya jiko, sikuwaza chochote, ni mazoea yako tu yaliyokaa mkononi mwangu. Kabula akapekua nguo, akapekua sweta, akafika kwenye bonge la uzi uliobaki. Akaliminya. Akanitazama, akaanza kulifumua pale juu ya meza ya getini, uzi ukajaa mezani mpaka kikaonekana kijiwe.

Shija akaitwa.

"Mama Eliza, hiki nini?"

"Ni kijiwe cha kuanzia bonge."

"Umekitoa wapi?"

"Hapo nje ya jiko."

"Basi ni cha bosi," akasema. "Hakuna jiwe humu ndani ambalo si la bosi."

Wakakisaga, wakakipima, hakikuwa na kitu. Nikadhani yameisha. Lakini Shija alikuwa ameshika sweta, analigeuza geuza. Akasema, "Kilichofumwa humu ndani kina vumbi la humu ndani. Hakitoki." Nikamwambia basi nibakishe sweta niende. Akasema likizo imesimama mpaka mzigo huu uishe na hilo sweta lipimwe kama vitambaa vingine.

Vitambaa vingine vinapimwaje? Vinachomwa, mama. Mwisho wa kila mzigo wanakusanya magunia ya mwaloni, glovu na matambara, wanachoma, kisha majivu wanayaosha kwenye karai ili watoe dhahabu iliyojificha. Nilisimama mlangoni mwa jiko nikatazama sweta la mwanangu linashika moto. Sufu haiungui kwa haraka, inajikunja kwanza. Vifungo vya baba vilipasuka kimoja kimoja. Harufu yake ilikuwa kama nywele.

Shija mwenyewe akayaosha yale majivu peke yake, akiyatikisa na kumwaga maji, akitikisa tena. Nilikuwa naomba karai litoke tupu ili aone aibu. Halikutoka tupu. Pale ukingoni ukabaki mkia mwembamba wa njano. Vijana wote wakasogeza vichwa. Vumbi lote la miezi ile lililokuwa linaelea hewani na kutua jikoni kwangu, sweta lilikuwa limelikamata.

"Gunia zima halitoi hivi," Shija akasema, na safari hii alinitazama kwa heshima.

Kesho yake bosi akaja. Mtu huyu tangu nifike hapa hajawahi kuniitikia salamu. Siku hiyo alinisalimia yeye, akaniuliza kama naweza kufuma mkeka wa sufu wa kutandika mwaloni, wenye vinyweleo vingi. Nikasema naweza, mjinga mimi, nilifurahi kusifiwa. Nikauliza likizo. Akasema, "Ukimaliza, mama."

Tangu siku hiyo sipiki tena. Wameleta mpishi mwingine. Mimi nimewekewa kiti chenye mto chini ya turubai, chai ya maziwa asubuhi na jioni, na nyuzi mpya kutoka Kahama, rangi ambazo sijawahi kuzigusa maishani mwangu, zambarau, kijani cha parachichi. Hata sindano zangu wamezitoa stoo wakanirudishia. Zamani ningesema nimefika peponi. Kitu nilichokuwa nakifanya ili akili itoke nje ya haya mabati, sasa ndicho kinachonifungia ndani. Maana mkeka ukishafanya kazi kwa mzigo mmoja, unachomwa. Ukichomwa, unatakiwa mwingine. Nimefuma minne. Kila nikimaliza namfuata Shija, naye anasema, "Huo unaofuata tu, Mama Eliza, halafu uende," kwa sauti nzuri kabisa. Mama, hakuna wa mwisho. Nimekaa nikalielewa hilo nikiwa na spoku mkononi, maana mikono imeshazoea spoku, sindano nzuri siwezi kuzitumia tena.

Na Jumapili ile ya simu, hukujua ulichonifanyia. Ulimpa Eliza simu. Nikasikia anakuuliza, "Mama, huyu ni nani?" Wewe amekuita mama. Mimi ameniulizia jina. Wewe ukacheka ukamwambia ni mama yake wa mbali. Sikulaumu. Ila tangu hapo sina hamu ya kuzoea hiki kiti.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na hili ndilo nililotaka ulisikie kutoka kwangu. Mkeka wa tano nimeuharibu kwa makusudi. Nilipanga kudondosha vitanzi, ili uwe na matundu, maji yapite chini na dhahabu iteleze nayo. Sijaiba, mama. Itabaki kwenye mchanga wa marudio, huo huwa wanausaga na kuuosha tena, wataipata. Nataka tu waone kwamba ile mikeka ya kwanza ilikuwa bahati na fundi wao si fundi.

Ulijua ni kazi ngumu kiasi gani kufuma vibaya? Siku ya kwanza nilidondosha vitanzi sita. Nilipotazama jioni, vyote sita nilikuwa nimeviokota tena bila kujua. Mikono ilivirudisha yenyewe. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa nakusikia kabisa unanipiga vidole kwa ule mwiko wa ugali, "Rudi nyuma, umeacha kimoja." Siku ya tatu nilifumba macho, nikachomoa spoku katikati ya mstari, nikavuta. Vitanzi vikashuka kama ngazi mpaka chini. Nisamehe kwa hilo, wewe uliyekuwa unafumua kofia nzima kwa ajili ya kitanzi kimoja.

Jana Kabula alikuja kuuchukua. Yeye ni wa getini, hafungiwi ndani wala hapekuliwi, anapekua tu, na ndiye atakayetoa barua hii na kuipeleka Kahama kwa basi. Tangu siku ya kijiwe amekuwa hanitazami usoni.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia. Huku mayu ni mama. Akaunyanyua mkeka, akaona mwanga unapita. Akaweka kidole kwenye tundu.

"Mayu, hapa pameachia."

"Najua."

Akanitazama. Halafu akaukunja upande mzuri ukiwa juu, akaubeba hivyo hivyo kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto, akaenda kuutandika mwaloni mwenyewe.

Mkeka unafanya kazi sasa hivi ninavyoandika, nasikia maji. Jumamosi watauchoma na kuosha majivu.

Nisalimie Festo, na mkewe kama amesharudi kutoka kujifungua kwao. Nisalimie mama mdogo anayeuza viazi stendi, mwambie ile leso yake bado ninayo. Msalimie mwalimu wa kwaya, na yule jirani yetu wa mashine ya kusaga ambaye huwa anakuletea pumba. Shemeji usimwambie chochote, hajui kunyamaza.

Eliza mwambie sweta halipo. Asingoje sweta. Ule uzi wako wa kipimo ndio uzi pekee ambao hawajaunyang'anya, nimeufunga mkononi kama saa, mafundo yote matatu. Usinitumie mwingine. Karai likitoka tupu Jumamosi, Shija hatakuwa na sababu ya kunishika, nitakuja mikono mitupu na kumpima mwenyewe akiwa amesimama mbele yangu, hata kama ataniuliza mimi ni nani.

Na likitoka na njano, basi mama, ulinifundisha vizuri kupita kiasi. Niombee nionekane sijui kufuma.

Mwanao,
Edita, Mama Eliza