Meza ya Saa Mbili na Nusu

Kahama,
Jumapili, tarehe 19 Januari 1997

Mpendwa Paskalia,

Tarehe umeiona hapo juu, nami kabla ya salamu naweka ahadi chini yake: katika barua hii nitakueleza yote, pamoja na lile moja litakalokufanya unikasirikie. Hilo nimeliweka mwisho, kwa sababu nataka usome yaliyotangulia ukiwa bado rafiki yangu.

Sasa salamu. Hujambo wewe? Mama hajambo? Mwambie Jinal anasema mwadila mayu, yaani nakusalimu mama kwa Kisukuma chenu, na ajue kwamba sijasahau hata salamu moja aliyonifundisha mlipokuwa mnakaa huku Nyahanga. Baba yako, Mzee Ignas, amekwisha kuzoea kinu cha pamba na vumbi lake? Mfikishie shikamoo yangu. Na wadogo zako, wamepata shule hapo Kambarage, Shinyanga? Sisi huku ni wazima. Dadima, bibi yangu, magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mvua zimekuwa haba, na malori ya kwenda machimboni yanatumwagia vumbi mpaka ndani ya magunia ya mchele.

Mwalimu Selestine alitufundisha kwamba baada ya salamu mwandishi aingie kwenye kiini bila kuzunguka. Kiini changu ni chakula cha jioni. Usicheke kwanza.

Mwezi ujao Baba Mdogo, yule wa Mombasa, anatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Ameamua kutuchukua sote kwenye meli ya matembezi, itakayotoka Mombasa kwenda Unguja, Komoro na Madagaska, kisha irudi. Si meli ya mizigo. Ni meli ambayo watu hupanda kwa ajili ya kukaa humo tu, wakala, wakalala, wakatazama maji. Mimi sijawahi kuiona bahari, Paskalia. Siku niliyoambiwa nilifungua atlasi na kuipitisha njia yote kwa kidole, nikawa ninamweleza kila aliyeingia dukani, hata aliyefuata misumari.

Basi siku moja Baba Mdogo alipiga simu dukani kuuliza tunataka kula vipi. Alieleza kwamba kwenye meli ile kuna njia mbili. Ya kwanza ni meza ya kudumu: unapangiwa saa yako na kiti chako, na kila jioni mpaka mwisho wa safari unakaa hapo hapo na watu wale wale. Ya pili ni saa huria: ukumbi hufunguliwa saa kumi na moja na kufungwa saa nne, unakula unapotaka, unakaa popote, na yeyote. Ila ni lazima uchague mapema, maana ukishapanda meli hubadilishiwi. Baba hakufikiri hata kidogo. Alisema tunataka meza ya kudumu, saa mbili na nusu usiku, pamoja na kina Rushabh.

Nilikuwa ninapima sukari. Nilijiuliza, kina Rushabh ni nani? Nilipomuuliza mama jikoni, alijibu akiwa ameinamia chapati kwamba ni watu wa heshima wa Mombasa, marafiki wa Baba Mdogo, wana kijana mmoja anayesimamia duka la vipuri, na kwamba sisi watoto tutaonana tu, basi. Neno hilo la kuonana tu lilinishtua. Dada yangu Bhumika aliambiwa vivyo hivyo akiwa kidato cha tatu. Alikwenda Nairobi kuonana tu, na hajarudi mpaka leo isipokuwa kwa sikukuu. Barua zake zote zinaeleza namna ya kutengeneza achari.

Jioni ile nilikuta ndani ya sanduku la mama, katikati ya nguo za safari, kopo la sukari guru na mbegu za giligilani. Wewe hujui maana yake, kwa hiyo nakueleza. Kwetu, pande mbili zikikubaliana juu ya binti na kijana, watu hulishana sukari guru na mbegu za giligilani, na hapo uchumba umekwisha kufungwa. Meli yenye vyakula vya kila namna, mtu anabebea giligilani ya nini? Nilielewa kwamba meza ile ilikuwa na saa ya kuanza na siku ya kwisha, na siku hiyo ya kwisha ingekuwa ya uchumba wangu.

Nililia kidogo, halafu nikaacha, kwa sababu nilipata wazo.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipokataa muhogo wa kukaanga pale nje ya shule? Nilikueleza kwamba sisi Wajaini hatuli kitu kilichochimbwa ardhini. Thobias, yule mchimbaji mwenye duara lake, shimo la dhahabu, huko upande wa Geita, bado anamtania Dadima kila akija kununua: bibi hali kilichochimbwa, lakini sululu anatuuzia! Basi lipo pia jambo lingine ambalo nyumbani kwetu hulishika Dadima peke yake. Yeye hali jua likishazama. Sisi wengine humsubiri baba afunge duka, tukala saa mbili. Baba husema hayo ni mambo ya zamani, lakini hasemi mbele ya mama yake.

Asubuhi iliyofuata nilioga, nikaenda kupiga magoti mbele ya Dadima, nikakutanisha viganja na kumwambia kwamba nataka kuweka nadhiri ya kutokula baada ya jua kuzama. Aliuliza nadhiri hiyo ni mpaka lini. Nikajibu, mpaka nimalize kidato cha sita. Kisha akanitamkisha maneno, nami nikayatamka yote, na moyo wangu ulikuwa ndani yake. Nakuomba uamini hilo. Nilikuwa na sababu mbili, na zote mbili zilikuwa za kweli.

Jioni hiyo nilikula na Dadima saa kumi na moja, wali na dengu. Ni mwezi wa Ramadhani, nawe wajua majirani zetu ni Waislamu. Jua lilipozama mimi nilifunga kinywa na Khairunisa wa duka la pili akafungua cha kwake. Alinichungulia dirishani akasema, Jinal, mwenzangu, jua ni moja lakini limetugawa vibaya.

Baba alikasirika, ila hakuwa na pa kushika. Amwambie binti yake avunje nadhiri, mbele ya nani? Kina Rushabh nao ni Wajaini. Ilimbidi apige simu Mombasa na kuomba tuhamishwe kwenye saa huria. Paskalia, nilitembea dukani kama mtu aliyepasua mwamba na kuiona dhahabu. Nilikuwa ninaimba nikifagia. Mimi na Dadima tungekula saa kumi na moja kwenye meza yoyote, tukiitazama bahari, na hao wengine wangekula saa mbili na nusu bila mimi.

Furaha yangu haikumaliza wiki.

Ijumaa simu iliita tena. Duka lilikuwa limejaa: Thobias alikuwa akichagua betri za tochi, mama wawili wa Ushetu walikuwa wakipimiwa kitambaa, na Donatus, ambaye unajua ametufanyia kazi tangu sijazaliwa, alikuwa kwenye mizani ya misumari. Aliyepiga hakuwa Baba Mdogo. Alikuwa mama yake Rushabh. Baba aliposikiliza uso wake ulifunguka kama mlango. Alirudia kila kitu kwa sauti ili mama asikie ndani: wamesikia habari za nadhiri yangu na wamefurahi mno. Siku hizi wapi utampata msichana wa namna hiyo? Mtoto anayeshika dini ndiye waliyekuwa wakimtafuta. Kwa hiyo wao nao wamehamia saa huria. Watakula pamoja nami saa kumi na moja kila jioni, familia nzima, Rushabh akiwa kiti cha mbele yangu.

Umeona? Nilijenga ukuta nikawajengea ngazi.

Halafu akaomba aongee nami. Baba alinipa mkono wa simu akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Nilimsalimu, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu kwa sauti nzuri sana. Kama angekuwa mkali ningenyamaza. Lakini alikuwa mpole, nikaona kwamba mtu mpole hafai kudanganywa. Angeweza kuzungumza nami Kigujarati. Mimi nilichagua Kiswahili. Nilijua kabisa kwamba maneno ya Kigujarati yangebaki ndani ya familia, yakakunjwa, yakawekwa sandukuni pamoja na lile kopo. Kiswahili kingesikiwa na kila mtu pale.

Nilisema hivi, na ninakuandikia kama nilivyosema: "Mama, nakushukuru kwa kunipenda kabla ya kuniona. Lakini sitakaa kwenye meza hiyo saa mbili na nusu, wala saa kumi na moja. Sitaki kuchumbiwa. Nataka kwenda kidato cha tano. Nadhiri yangu ni ya kweli, ila niliiweka pia ili niikwepe meza yenu, na kwa hilo naomba radhi."

Misumari ilikoma kulia kwenye mizani. Mama yake Rushabh aliniuliza taratibu kama baba yangu yuko karibu. Nikampa baba simu. Ndipo Thobias akasema, si kwa kunong'ona: "Mzee, huyo binti kapiga baruti, na hakuwaambia watu watoke shimoni." Mama mmoja wa Ushetu akamwambia anyamaze achague betri zake, mtoto kasema kweli na kweli haina mlango wa nyuma.

Baba hakusema nami siku ile nzima. Mama alilia, kisha akalitoa kopo sandukuni akalirudisha jikoni, na alipopita karibu yangu alinigusa bega. Sijui maana ya mguso huo, lakini ninautunza.

Jana, saa kumi na moja, mimi na Dadima tulikuwa tumekaa kula. Baba akamwachia Donatus duka, akaingia, akaketi mkekani pamoja nasi, akajipakulia. Sijawahi kumwona baba yangu akila chakula cha jioni jua likiwa bado linawaka. Aliniambia kwamba nimemvua nguo mbele ya wateja wake. Nilimwomba radhi kwa mahali niliposema, nikamwambia kwamba kwa nilichosema sina radhi ya kuomba. Nilidhani atasimama. Hakusimama. Dadima akasema, huku akitafuna, kwamba yeye aliolewa hajui kusoma jina la mumewe, na kwamba mtoto akisema mpaka kidato cha sita mbele ya Mungu, si juu ya mwenye duka kupunguza.

Baba akafikiri. Akasema haya yafuatayo. Kwanza, kwenye meli siendi; hawezi kunipeleka nikawatazame watu niliowakataa. Kwa hiyo bahari nimeikosa, Paskalia. Nilijua ningeikosa tangu nilipofungua mdomo, na bado inauma, na bado ningesema tena. Pili, masomo ya ziada ya Mwalimu Selestine huko Shinyanga, yale ya fizikia na kemia ya kujiandaa na kidato cha tano, nitaruhusiwa kuyaanza mwezi ujao. Lakini kwa sharti. Kwa kuwa nimejifunga kwa nadhiri, nami nimeifanya silaha, basi niibebe. Nitakwenda Shinyanga iwapo nitapata nyumba ya watu anaowaamini, ambamo nitakula kabla jua halijazama, kila siku, bila kukosa. Kama haipo, nitabaki dukani nikipima sukari mpaka yeye atakaporudi, na habari za kina Rushabh zitazungumzwa upya. Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayejua nyumba hiyo haipo. Nani katika mkoa huu wa wachimbaji na wakulima anapakua chakula cha jioni jua likiwaka?

Sasa nimefika kwenye lile la mwisho. Nilimjibu baba pale pale kwamba nyumba hiyo ninayo. Nilitaja nyumba yenu. Nilisema hata kwamba mama yako amekwisha kubali. Sikukuuliza wewe wala yeye, na najua vema kwamba mlipokuwa Nyahanga mlikula usiku, Mzee Ignas akisharudi, sote tukilizunguka sinia moja. Najua pia kwamba kwenu mtu anayekula peke yake huonekana mchoyo. Ni aibu kubwa niliyowaletea, na ninaiandika kwa mkono wangu.

Na baba si mtu wa kuamini maneno matupu. Alhamisi atapitia Shinyanga kwenye safari ya kwenda Mombasa, nami nitakuwa naye mpaka hapo. Amesema atawatembelea Kambarage saa kumi na moja kamili, aone kwa macho yake kama kuna chungu jikoni.

Sitaki mpike kwa ajili ya kumdanganya. Uongo mmoja unatosha. Kama mama yako hawezi, aseme hawezi, nami nitamwambia baba ukweli kabla hatujapanda basi. Kama anaweza, mwambie nitajipikia mwenyewe dengu na mboga za majani, nitachota maji, na usiku mtakapokula nitakaa nanyi kwenye sinia na kuwanawisha mikono, ili pasiwe na mtu wa kusema mgeni wenu anajitenga.

Barua hii anaileta Donatus, anayekuja kuchukua mzigo. Kesho asubuhi anageuza. Mkaribisheni uji, na mpe jibu mkononi, hata kama ni la mstari mmoja. Dadima anawasalimu, anasema miguu ingekuwa mizima angekuja kujiombea mwenyewe. Wasalimie wadogo zako wote, na umwambie mayu kwamba akinikatalia bado nitamwita mayu.

Ila niambie kweli, Paskalia, bila kunionea huruma: siku hizi kwenu mnakula saa ngapi?

Rafiki yako akupendaye,
Jinal