Mkono Uliochoma Kadre ya Deo

Mzee Juma,

Mi ni Bahati, Mukongomani wako, yule uliyemfundisha kushika moto wa kuchomelea. Arobaini yako ilisomwa juzi. Mama Saidi alipika wali, watu walijaa mpaka nje ya lango, na mi nilikaa pembeni na sahani mkononi. Kuna jambo nilipaswa kulisema ukiwa hai, tena mbele za watu, nikanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na kazi, maana najua ungeuliza hiyo kwanza. Kibanda chetu hapa Jabe kinafunguliwa kila siku. Saidi aliniachia funguo na vyombo vyako vyote, akasema baba yake angetaka hivyo. Wabeba ndizi wamerudi, wale waliotukimbia miaka miwili. Wanashuka toka milimani na mizigo yao, wanataka kadre za baiskeli, yaani fremu zenyewe, zitazamwe, bomba moja moja. Wiki iliyopita mmoja wao alinipiga begani, akasema mbele ya wenzake kwamba mi ni fundi kuliko Mzee, kwamba we macho yalikuwa yamekwisha, ndiyo ukaharibu kadre ya Deo mwenzao. Wakacheka. Na mi nikacheka nao, Mzee. Nilicheka. Usiku ule sikuweza kumtazama mke wangu.

Kadre ya Deo niliiharibu mi. We unajua. Hakuna mwingine aliyejua.

Unaikumbuka ile baiskeli, kuukuu ya Ulaya, iliyofika bandarini ndani ya mzigo wa mitumba, rangi ya kijani imebabuka. Ulipoinyanyua kwa vidole viwili ulicheka peke yako kama mutoto. Ukatoa kiti, ukaniambia nichungulie ndani ya bomba nione chuma kilivyo chembamba. Ukaligonga kwa ukucha, ukaniambia nisikilize linavyolia. Ulinieleza kwamba hiki si chuma kitupu, wamekichanganya na kromu na molibdeni, ndiyo maana ni chembamba na bado kinabeba. Lakini ukitaka kukiunga, unga kwa shaba, kwa moto wa polepole, kisha kiache kipoe chenyewe. Nikaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, huku nawaza chakula cha mchana.

Deo alileta baiskeli hiyo ina ufa mdogo, na akataka tumchomelee nondo pembeni ya bomba la juu. Kila mbeba ndizi anataka nondo. Kwenye zile baiskeli nyeusi nzito tumechomelea nondo nyingi, hazina shida. Hii ulimkatalia, ukamwambia nondo itaiua. Akaondoka amenuna. Asubuhi ya Ijumaa ukaziba ufa kwa shaba, vizuri kabisa, ukaenda msikitini. Mi nikabaki nikijiambia kwamba Mzee ni mubishi tu, kwamba mteja akiona nondo atafurahi. Nikaazima mashine ya umeme ya jirani. Nikachoma haraka. Halafu, kwa kuogopa swala itaisha ukute chuma bado chekundu, nikakimwagia maji ya ndoo.

Deo alipokuja akauliza kama Mzee amekubali hatimaye. Nikamwambia ndiyo, Mzee mwenyewe amechoma. Nilijua angesikia ni mkono wangu asingeipanda.

Siku ya tatu bomba likakatika kwenye mteremko, hapo hapo pembeni ya nondo. Goti la Deo halikupona tena. Kaka zake walikuja kibandani na vipande viwili, wamepandwa na hasira, na mi nilikuwa mgeni nisiye hata na karatasi. Ukatazama pale palipokatika. Ukanitazama. Kisha ukawaambia, "Ni mukono wangu." Kesho yake ulinipa msumeno, ukaniambia nikate karibu na nondo. Msumeno ukateleza tu, hauingii, maji yangu yalikuwa yamekifanya chuma kigumu kama kioo, cha kuvunjika. Ukanisogezea mkono mbele kidogo, hapo ukaingia bila taabu. Ukauliza kama nimeona. Nikasema nimeona. Kwa miaka miwili iliyofuata ulikuwa ukiziba pancha tu, we, fundi wa kadre, na hukuniuma hata kwa neno moja.

Makaburini Saidi aliuliza kama yuko mwenye kinyongo na marehemu, aseme, ama amsamehe. Mi Mukristo, nilikuwa nyuma, lakini nilielewa. Deo akapita mbele na gongo lake la kutembelea, akasema, "Mi nimemusamehe mukono wake." Watu wakaitikia amina. Miguu yangu ilikuwa pale pale, mdomo wangu pale pale, na sikusema kitu. Nisamehe, Mzee. Niliwaacha wakuzike na kosa langu.

Jana nilimwendea Deo. Siku hizi anauza ndagala pale sokoni, anakaa kwenye kiti cha chini, mguu ameunyoosha. Nikachuchumaa, nikamwambia yote, nondo, maji, uongo. Aliendelea kupanga samaki wake. Kisha akauliza kitu kimoja tu, kama Mzee alijua. Nikasema alijua toka siku ile ya vipande viwili.

Hapo Deo akaanza kulia, mwanaume mzima, wateja wanatazama. Akaniambia kwamba alipokuwa hospitali ulimpelekea uji kila asubuhi, na kila asubuhi aligeukia ukutani. Hakuunywa hata siku moja. Ulikuwa unauweka, unakaa kidogo, unabeba kikombe kimejaa, unarudi. Mi sikujua, Mzee. Nilikuwa naosha kile kikombe hapa kibandani, nikidhani kimenywewa. Kumbe ulikuwa unaumwaga njiani.

Nikamwomba anisamehe. Akafuta uso kwa mkono wenye magamba, akasema, "We, apana. Bado." Nikamuuliza basi anataka nifanye nini. Akasema pale makaburini aliongea mbele za watu, kwa hiyo na mi niongee mbele za watu wale wale, na yeye atakuja asikie kama nitakata hata neno.

Ijumaa hii, Mzee, watu wakitoka swala, nitasimama nje ya msikiti, Saidi upande mmoja, Deo upande mwingine. Nimeshamwambia Saidi. Amesema tu atakuwepo. Huenda Jumamosi sitakuwa na kibanda, huenda wabeba ndizi wataondoka wote. Sawa tu. Nitasema jina langu lote na la baba yangu, niseme Juma hakuichoma kadre ile, niliichoma mi.

Pumzika, Mzee wangu. Uliyoyabeba yalikuwa yangu, naja kuyachukua.

Bahati