Nafasi ya Mama Bilan

Jumatano, 6 Mei 2009

Wamemchukua. Mimi wameniacha.

Tuliomba pamoja, mimi na Sumeya mke wangu, siku moja, kalamu moja, hapa hapa mezani kwetu Matisi. Chuo kikuu kimefungua tawi Bungoma. Wametenga nafasi kwa watu ambao maisha yaliwafungia njia – wasichana waliopata mimba shuleni, watoto wa mashamba ya tumbako, watu waliochomewa nyumba mwaka jana kwa vurugu za uchaguzi. Karo wanalipiwa. Leo tumeitwa kwa mahojiano, wote wawili. Sumeya alikaa ndani sana, akatoka anacheka huku anafuta macho. Halafu mimi. Dr. Kipketer, mkuu wa hiyo programu, alikuwa amelala na homa, tukahojiwa na msaidizi wake, mama mmoja mpole. Hakunizungusha. Ati mwalimu, wewe una cheti, una mshahara wa serikali. Nafasi hizi si za watu kama wewe. Jaribu parallel, ile ya kujilipia karo.

Parallel! Na mshahara wa mwalimu wa msingi, P1!

Mimi nilipata B minus. Sumeya C plus. Na hiyo C plus nani alimfundisha? Alitoka shule form three na mimba ya Bilan, akakaa nyumbani miaka, mpaka nikamwambia rudi ujaribu mtihani. Mimi! Babangu alibeba magunia sokoni Kitale mpaka mgongo ukakataa. Mimi nilifunguliwa mlango na nani?

Nimempa mkono. Nimesema Mashallah. Mdomo ndio ulisema.

Alhamisi, 7 Mei

Staffroom wameshajua. Gathii anacheka: Bana Nasir, atarudi na digrii, mwalimu wa sekondari! Sisi tutamwita madam. Nikacheka pia. Kisha nikaingia darasa la sita nikawafokea bure. Hawajafanya kosa lolote, watoto wa watu.

Jumapili, 17 Mei

Ameenda. Atakuwa analala Bungoma na msichana mwenzake wa programu, Wamboi, wa kutoka Kachibora. Atakuja wikendi akipata nafasi. Mamangu atashinda na Bilan nikiwa shule.

Mlangoni Sumeya alinishika mkono. "Baba Bilan, kukiwa na lolote na mtoto, unipigie. Lolote. Hata niwe katikati ya mtihani, nitatoka."

Nikamwambia sawa.

Jioni Bilan amekataa nimchane nywele. Ati mama huanza na nyuma.

Ijumaa, 5 Juni

Msikitini leo Mzee Yakub amenishika mkono hauachi. Mungu amekupa mke, Nasir! Wengine nao wakaja kupongeza. Kama nimezaa mtoto wa kiume. Hakuna aliyeuliza mimi naendeleaje.

Sumeya amekuja. Amekonda kidogo, macho yanang'aa. Tangu aingie ni Dr. Kipketer hivi, Dr. Kipketer vile. Dr. Kipketer anasema chuo kisichokuwa na mtoto wa maskini ndani ni klabu tu. Dr. Kipketer anasema tusifiche tulikotoka. Dr. Kipketer amesoma insha yangu mbele ya darasa!

"Amesoma yote?" nikauliza.

"Yote."

"Insha ilikuwa ya nini?"

"Ya siku niliyotoka shule."

Hiyo siku mimi sijawahi kusimuliwa. Miaka saba tumelala kitanda kimoja. Daktari wa Bungoma ameisoma, na darasa zima limeisikia.

Nilitaka kumwuliza aniambie na mimi. Badala yake nikasema chai haina sukari.

Jumanne, 9 Juni

Simu yake ilikuwa mteja hapatikani. Saa mbili nzima. Alikuwa wapi?

Anasema alikuwa maktaba. Ati huko simu huzimwa. Maktaba!

Jumamosi, 20 Juni

Nitaandika yote, hata kama ni aibu.

Asubuhi nimemwachia mama mtoto, nikaenda Bungoma bila kusema. Nimevaa shati la Idd. Kwa lango la chuo nikamwambia askari mimi ni mwalimu, natafuta mke wangu Sumeya.

"Mama wa hesabu? Warienda na Daktari, mwarimu. Tangu asubuhi."

Na Daktari! Damu ikapanda mpaka masikioni. Nikamkuta Wamboi anafua nje ya chumba chao. Binti mchangamfu, akakausha mikono kwa leso akanipa stuli.

"Sumeya ako Malakisi, Baba Bilan. Si huwa huko kila Jumamosi? Wanafundisha wasichana wa huko. Hakukwambia?"

Alikuwa ameniambia. Nimekumbuka nikiwa pale pale kwa stuli. Aliniambia akipika, mimi nikiwa nasahihisha vitabu, nikaitikia mm.

Bado nikaenda Malakisi. Ningerudi vipi nyumbani na ile hasira?

Shule yenyewe iko nyuma ya maghala ya tumbako, harufu inakukamata koo. Nikasimama kwa dirisha. Wasichana kama thelathini, wengine wakubwa, mmoja ananyonyesha. Ni wale walitolewa shule kwenda kuchuma na kukausha majani. Sumeya ako mbele. Chaki mkononi, buibui limejaa unga mweupe. Anawafundisha aljebra. Amesema kitu nje ya somo, sikusikia, darasa lote likaangua kicheko na yeye akacheka kichwa nyuma, meno yote nje.

Mimi sijawahi kumchekesha hivyo.

Na Dr. Kipketer? Amekaa deski la nyuma. Mzee! Mvi kichwa kizima, kifaa cha kusikia kimening'inia sikioni, anasinzia.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nataka kuwe na mwanaume. Mwanaume ningejua la kumfanya. Sasa hiki chumba nitakifanya nini? Hawa wasichana?

Sumeya akaniona. Hakushtuka, alifurahi, na hiyo ikaniuma zaidi. Akanivuta ndani. "Huyu ndiye alinifundisha mimi." Wakasimama, wakapiga makofi. Mzee akaamka akanipa mkono. Ati mwalimu, nimesikia habari zako kutoka kwa mama. Mwaka ujao tunatafuta jinsi ya kuingiza walimu wa P1 pia, tukipata wafadhili. Usikate tamaa.

Yaani niingie nikiwa form one wa mke wangu mwenyewe.

Nikasema asante Daktari.

Jumapili, 21 Juni

Ni vizuri lakini. Najua ni vizuri. Yule aliyekuwa ananyonyesha, Sumeya anasema anaitwa Nyaruai, hajakosa Jumamosi hata moja. Bila hicho chuo angekuwa anafunga majani mpaka azeeke. Nikiulizwa mbele ya watu nitasema waongeze nafasi, waende mpaka Mlima Elgon.

Lakini mtu akishapanda, aliyemshikia ngazi anaenda wapi?

Jumatatu, 27 Julai

Mtihani wa Sumeya wa mwisho wa muhula ni kesho, saa nane mchana. Hesabu. Akiukosa anangoja mpaka mwaka ujao, na wa programu wakikosa hivyo nafasi hupewa mwingine. Ameniambia mwenyewe kwa simu. "Uniombee, Baba Bilan."

Bilan ana joto. Sikumwambia. Nilidhani ni mafua.

Jumanne, 28 Julai

Niko kliniki. Naandika nyuma ya kitabu cha maandalio ya somo.

Alfajiri Bilan aliwaka moto, akaanza kuweweseka, anaita mama. Nikambeba mgongoni mpaka hapa, viatu vya jozi tofauti. Ni malaria. Wamemdunga, wamempa dawa, wakamlaza.

Saa tano jasho likamtoka. Saa sita akaomba uji. Nesi Chesang amemgusa shingo akasema baba, shukuru Mungu, huyu ameshapona, jioni mnaenda nyumbani.

Sasa ni saa saba na robo. Bilan amekaa kitandani anakula ndizi, anahesabu madirisha.

Na mimi nimeshika simu.

Nilimwahidi. Lolote, alisema. Hata niwe katikati ya mtihani. Nikipiga nafanya alichoniomba, hakuna mtu duniani atanilaumu. Atatoka mbio na viatu mkononi. Sumeya namjua. Hatangoja kusikia kwamba joto limeshuka.

Nisipopiga, jioni ataniuliza kwa nini nilimficha.

Ningempigia alfajiri. Alfajiri ndiyo ilikuwa haki yake. Wakati huo sikukumbuka simu, nilikumbuka mtoto tu. Ni sasa, mtoto amepona, ndio nimeikumbuka. Kwa nini sasa?

Nimemflash. Mara moja. Nikakata kabla haijaingia vizuri. Labda haikuingia.

Inalia.

Ni yeye.

Bilan anasema, "Baba, shika. Si ni mama?"

Imenyamaza. Inalia tena. Saa saba na nusu. Bilan ameweka ganda la ndizi chini, anautoa mkono wake kwenye blanketi, anataka nimpe simu azungumze.