Kable ya Internet Haiko Kamba ya Nguo

Papa Gloire na watoto,

Nimeenda Miti kufunga internet ku biro moja. Sombe iko ku nyungu, mupashe tu moto. Ile kabati ya chuma mu koridori mutu asiiguse! Kable zote za nyumba zitakutania humo. Mulango yake ibaki yenye kufungwa, panya wanapenda kuzikula.

~~Muambie koko, bibi ya watoto, asianike tena kitenge yake ku kable.~~ Hapana, muache. Asubui, kisha ninyi kutoka, nilikuta ameianika, nikakasirika. Akanijibu: "Nyumba imejaa kamba sawa kiraro ya mbuzi!"

Iliniuma, Papa Gloire, maana nilichora plani ya kable nikimuwaza yeye. Nikamuambia: "Maman, hii kable ya buluu inaenda mu chumba yako. Utaongea na mutoto wako Chantal wa Kanada ukiwa umelala. Hautasimama tena inje mu baridi kutafuta rezo ya simu."

Akasukuma kitanda yake yeye mwenyewe mupaka ku ukuta ingine, akapiga-piga ukuta na mukono: "Toboa hapa, karibu ya muto."

Basi kitanda ibaki palepale. Plani yangu nimefuta, tunafuata ya koko.

Maman Gloire