Nusu Mita ya Baba

Kanye, Botswana

Kaka Gaolathe,

Huku mvua imenyesha, na yule ng'ombe mwekundu amezaa jike. Mama bado anakohoa, lakini jana alikula uji wa mtama na tikiti akamaliza bakuli.

Wapima ardhi wa ofisi yenu walikuja kusimika uzio wa mpaka kati yetu na jirani Ramotse. Walifuata vipimo vilivyotoka kwenye programu yako, na waya umepita juu ya kaburi la baba, pale zizini. Nilipogomba, mpima mmoja aliniita pembeni.

"Dada, mashine ilishika tarakimu saba tu za kila kipimo, zilizobaki ikakadiria. Tulimwonya Gaolathe. Akasema zinatosha, kazi iende haraka, nusu mita porini haimuumizi mtu."

Ni wewe uliyenifundisha kwamba kompyuta ukiipa sehemu moja ya kumi, haiishiki sawasawa. Ulicheka, ukasema, "Hata yenyewe inakisia, Sega. Usiiachie jambo la maana."

Kumbe baba si jambo la maana.

Mama sijamwambia ulichosema. Anajua mashine imekosea, basi, na kila asubuhi anakuombea uwe na nguvu za kuirekebisha. Ila leo, nikimsuka nywele, aliniuliza: "Kichwa cha baba yenu kiko kwa Ramotse, miguu iko kwetu. Nikifa, mtanilaza upande gani?"

Mjibu wewe, mwenye hesabu.

Mdogo wako,
Segametsi